Uzito Uleule

Mzee alizipima pawa saplai mbili, vile visanduku vya kuipa kompyuta umeme, moja kila mkono, kama wafanyavyo wanunuzi wote pale kwenye soko la kompyuta la Ikeja, Lagos: nyepesi ni feki, nzito ni mali safi.

"Uzito uleule," alisema, "na hii ni nusu bei. Nifungie hii, binti yangu."

Ozioma, mwenye duka, alikuwa ameuza kumi za aina ile tangu asubuhi bila kumwuliza mtu chochote.

"Unampelekea nani, Baba?"

"Mke wangu. Kiharusi kilimnyang'anya sauti. Sasa anaandika, kompyuta inamsemea." Mzee akacheka. "Kwa lafudhi ya Kizungu! Kila asubuhi inaniita mume wangu mnene, na mimi naitika."

"Na umeme wa kwenu ukoje?"

"Unakatika ovyo. Ukirudi, balbu zinapasuka."

Ozioma akachukua bisibisi. Kibandiko cha dhamana kikishachanwa, mali haiuziki tena. Jirani wa kibanda cha pili alimkodolea macho.

"We mwanamke, una wazimu? Utatuharibia soko!"

Ozioma akakichana kile kibandiko. Akafungua ile ya bei rahisi, akang'oa kipande cha chuma kilichobandikwa pembeni kwa gundi, kisichoguswa na waya wowote, akakiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Uzito wake ndio huo, Baba. Umeme ukirudi kwa nguvu, hii itaunguza kompyuta nzima."

Mzee alikigeuzageuza kile chuma, kisha akakifumba kiganja polepole.

"Angenyamaza mara ya pili," alisema, "na safari hii ningekuwa mimi niliyemnyamazisha."