Upepo wa Tabo

"Kifunge kabisa," Bura alisema. "Kisifunguke tena."

Mzee Qamara, fundi wa magari, aliinua uso kutoka kwenye injini. Kichwa cha lori kilikuwa kimeinamishwa mbele, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili hadi viwikoni. Spana yake ilikuwa kwenye kile kilango kidogo kinachomwaga upepo wa tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, ukizidi, ili injini isijipasue yenyewe.

"Nikikifunga kwa waya, gasketi haitavumilia. Hii injini nimeifunga mimi, Bura, naijua."

"Acha ipasuke, mzee. Mradi ipasuke baadaye."

Qamara alirudisha macho kwenye kilango. Alijua kwamba lori lile dogo ndilo shamba la Bura. Kila msimu lilibeba vitunguu saumu kutoka Bashay hadi minada ya Hanang, na ndilo lililomlisha yeye, mama yake na mdogo wake Tadeo. Mtu halichezei lori kama hilo bila sababu.

Na sababu ilikuwepo. Tadeo alikuwa anakufa. Watu wote waliojaa pale nyumbani Dirma walilijua hilo, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka. Pumzi zilikuwa zinamwishia. Asubuhi aliitwa akaitika vizuri, hata akamtania mama yake kwamba ugali wake asipewe mtu. Baadaye sauti ikawa nyembamba, maneno yakaja mojamoja. Tangu jua liwe utosini hakuitika tena.

Simu ya Bura iliita. Alikuwa nesi Judith wa kituo cha afya.

"Kitanda nimeshaandaa," alisema. "Nifikishieni tu akiwa hai. Mmekwama wapi?"

"Tunahangaika na gari, sista."

"Basi hangaikeni haraka."

Nyuma ya zizi kulikuwa na sauti ya sururu. Wanaume walikuwa wakichimba polepole mno, kama watu wanaoogopa kufika, na kila pigo lilimwingia Bura kifuani. Alitamani kuziba masikio. Mama yake, Marieta, alikuwa amekaa chini karibu na zizi, rozari mkononi, amewapa watu mgongo. Kila aliyemsogelea na uso wa msiba alimkatisha.

"Mwanangu hajafa," alisema. "Msinililie mtu hai."

Qamara alikaza nati, akazungusha waya, akavuta kwa koleo mpaka kilango kikanyamaza. Kisha akakagua mpira mwembamba aliokuwa ameuunga kwenye njia ya upepo, akapachika hapo geji ya matairi ili waweze kusoma nguvu ya upepo. Kichwa cha lori kikashushwa.

"Gari tupu halizai upepo," alisema. "Tabo inataka injini iumie. Wekeni mawe mbele ya matairi. Nyie vijana, pandeni nyuma wote, lisiserereke."

Wakapanda. Mzee akashika usukani mwenyewe, akaweka gia ya tatu, akakanyaga breki na mafuta pamoja, klachi akaiachia nusu. Lori likanguruma na kutetemeka. Moshi mweusi ukafunika zizi, mbuzi wakakimbia.

Bura alikuwa amechuchumaa na geji. Mshale ulipanda hadi nusu ya alama waliyoikwangua kwa msumari, ukagoma.

"Haitoshi," alipiga kelele. "Mzee, haitoshi."

Qamara akazima, akashuka. Harufu ya klachi ilikuwa kali.

"Sikiliza, kijana wangu. Tukirudia hivi, klachi inaungua yote. Gari hili halitoki hapa leo, wala kesho."

"Iungue."

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia, baba. Iungue."

Mfa maji haachi kutapatapa. Bura aliinua kichwa cha lori mwenyewe, akaingiza mikono kwenye vyuma vya moto na kukaza kila kilichokazika, hata palipovuja kidogo tu akapafunga kwa vipande vya tyubu. Viganja viliungua, hakuvitoa. Aliogopa jinsi ambavyo hakuwahi kuogopa maishani, na hakuona aibu machozi yalipomtoka mbele za watu. Tadeo alikuwa na miaka ishirini na mbili na hajaoa. Alikuwa amebaki yeye mmoja wa kumwita Bura kaka.

Alikishusha kichwa cha lori, mzee akapanda. "Washa tena, mzee."

Safari hii tabo ilipiga filimbi. Filimbi ikapanda, ikawa nyembamba, ikaumiza meno. Vijana waliokuwa nyuma wakashikana mabega. Moshi wa klachi ukaanza kutoka chini ya sakafu, na Qamara akakohoa bila kuondoa mguu.

"Mshale uko wapi?"

"Unapanda."

"Uko wapi sasa?"

"Umefika. Umepita." Sauti ya Bura ilikatika. "Usiachie, mzee. Nakuomba, usiachie."

Ubavuni mwa injini kitu kilipasuka na mvuke mweupe ukatoka. Qamara alikaza mguu. Bura aliiacha geji, akainuka, akakimbia.

Hakukimbilia lorini. Aliufuata ule mpira mwembamba, uliopita chini ya matairi na kuzunguka zizi, hadi kwenye kisima alichokuwa akikichimba Tadeo asubuhi kilipomporomokea. Akawapita wanaume wenye sururu, akapiga magoti pale mpira ulipofungwa kwenye bomba la maji lililozama kwenye kifusi, lile ambalo pampu zote za baiskeli za Dirma zilishindwa kulizibua, akalishika kwa mikono yake iliyoungua. Mbali chini maji yalibubujika, tope likaachia, upepo ukapita. Na kutoka ndani ya ardhi mtu akaligonga bomba.