Gari la Kumpeleka Eunice

Kwa mara ya kumi na moja Chengo alizungusha ufunguo, na kwa mara ya kumi na moja injini ya pikapu yake ilizunguka kwa nguvu, isiwake.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Kikoneni. Ndege ya binti yake, Eunice, ilikuwa ya saa tisa alasiri, na kutoka hapa hadi uwanja wa ndege wa Mombasa si mwendo wa kuchezea. Miaka miwili ya kazi za nyumbani huko Arabuni ilikuwa ikimngoja binti huyo. Ng'ombe wawili wa baba yake walikuwa wamekwisha kugeuka pasipoti na ada ya wakala.

Na Chengo ndiye fundi ambaye watu humletea magari kutoka Msambweni. Leo lake mwenyewe limemgomea.

"Labda ni betri, baba," alisema Eunice. Alikuwa ameketi juu ya begi lake, mikono mapajani.

Chengo alimwonea huruma. Msichana huyu alikulia chini ya boneti. Akiwa na miaka tisa aliweza kusikia gari likipita barabarani na kusema ni plagi ya ngapi imekufa. Leo injini inazunguka vizuri hivi, naye anataja betri. Akili yake imeshapanda ndege, Chengo aliwaza, na moyo ukamuuma. Eunice alikuwa hajala vizuri tangu juzi. Lakini mtoto akitaka kwenda kutafuta maisha yake, baba hamzibii njia.

Alipima mafuta, yalikuwa yanafika kwenye injini. Akachomoa plagi moja na kuijaribu, hakuna cheche. Ndipo alipofungua distribyuta. Ndani, rota haikuwepo, kile kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani na kugawa moto kwa plagi zote. Mtu alikuwa amekitoa, kisha akaurudisha mfuniko na kuubana vizuri.

Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Rispah, mkewe, alikuwa amelia wiki nzima.

Alimkuta jikoni. "Mama Eunice, nipe kile kitu cha gari."

Rispah alitazama nje kupitia mlangoni, akamwona binti yake palepale juu ya begi.

"Nimekitupa chooni," alisema. "Nisamehe."

Chengo hakugomba, maana angegomba angelia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pikapu nyingine ya aina hiyohiyo, kuukuu, ambayo siku hizi ni kuku tu wanaotagia ndani yake. Akatoa rota yake, akaipiga msasa, akaipachika. Gari likawaka mara moja.

"Umeweza, baba," Eunice alisema polepole, akapakia begi mwenyewe.

Njia nzima alitazama nje dirishani. Uwanjani alimshika baba yake mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akauachia, akaingia ndani bila kugeuka. Chengo alibaki kwenye gari mpaka ndege ilipopaa, akalia peke yake bila kujificha. Alijipa moyo kwamba angalau hakumzuia mwanawe.

Alifika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Rispah alikuwa ameketi kizingitini, na jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

"Ya asubuhi yamekwisha," Chengo alimwambia, akaketi kando yake. "Hata mimi sikutaka aende. Laiti angesema neno moja tu kwamba hataki, ningelizima gari lile. Lakini niambie, nani alikufundisha? Kuna madereva wa miaka ishirini wasiojua kidude kile kinakaa wapi."

Rispah alijifuta macho kwa pindo la leso.

"Mimi, baba Eunice," alisema, "hata nikionyeshwa sasa hivi, sikijui."