Picha ya Chumba cha Juu

Picha ilikuwa imepinda tena.

Mama Shuka, mtandika vitanda wa hoteli, aliinyoosha asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, na sasa ilikuwa imelala upande kama kofia ya mlevi. Wageni walishaanza kupanda ngazi, wageni wa kwanza tangu lile tetemeko la mwaka jana.

Aliitungua ili aitundike vizuri. Ukutani ilipokuwa, ufa ambao fundi aliuziba na kuupaka rangi ulikuwa umeachama. Akatia kidole. Kikazama chote, kikakuta ubaridi ndani.

Vumbi laini likamwagika juu ya shuka aliyoitandika punde tu.

Meneja alishawaonya wafanyakazi wote: "Atakayetaja tetemeko mbele ya mgeni, afungashe virago." Na jikoni kule chini, dada yake Mama Shuka, mpishi aliyekosa kazi tangu tetemeko na kurudi juzi tu, alikuwa akiimba.

Aliirudisha picha upesi. Ikapinda yenyewe, mbele ya macho yake.

Mlango ukafunguliwa. Meneja aliingia na mume na mke na binti yao mdogo, aliyekivamia kitanda na kuanza kurukaruka.

"Hiki ndicho chumba chetu bora kabisa," alisema meneja, meno yote nje. "Mama Shuka, wapokee wageni wetu."

Ukutani kitu kikalia ka! kama mfupa unaovunjika.

Neno lilikuwa moja tu, neno alilolisema mlangoni hapo maisha yake yote. Akafumbua mdomo aseme karibuni.

"Tokeni," alisema.