Damu ya Nguruwe

Alikuwako mbwa mwindaji aitwaye Chakari, bingwa wa majigambo. Siku moja alirudi kwa mbwa wenzake kando ya mto kutoka kumwinda nguruwe mwitu, tumbo limelowa damu. Nguchiro, mganga wa mbwa, asiyependa porojo, akamwamuru, “Lala chali nikutazame.”

“Utazame nini, shangazi? Hii damu ya nguruwe! Nimemrarua mwenyewe.”

“Jino la nguruwe likikutoboa usipooshwa, unaoza ungali hai.”

“Akaoze nguruwe!”

Wenzake wakaangua kicheko. Mara nguruwe yuleyule akatokea ng'ambo ya mto, hana hata mkwaruzo, akainama kunywa maji.

Chakari akalala chali. Chini ya manyoya palikuwa na tundu.

“Mwoshe mpaka ndani, mama,” nguruwe akapaza sauti. “Jino lile nilikuwa nimetoka kufukulia tope.”