Mbwa Akifungwa

Sheria ilikuwa wazi: mwenye mbwa huvaa bangili mguuni, na mbwa wake akiwa kwenye mnyororo, miguu ya mwenyewe hufa ganzi kila akijaribu kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Mbwa alikuwa wa Mwakio. Aliyemfunga tangu Jumatatu ni mkewe, Mkawasi, akidai kwamba mbwa huyo anakula mayai ya kuku.

Kwa siku sita Mwakio alizunguka, dirishani, mlangoni, akikaa na kuinuka tena. Lakini alikuwa nyumbani. Alikula na watoto. Hakwenda kwa yule mwanamke wa Mwatate, ambaye Mkawasi hakuwahi kumtaja kwa jina.

“Mama Righa, mfungue huyo mnyama,” Mwakio alimwambia mkewe Jumapili asubuhi. “Anaumia.”

Mkawasi alitoka kwenda uani. Shingo ya mbwa ilikuwa imechubuka, inatoa usaha, na alipoigusa, mbwa akamlamba kiganja. Machozi yakamlenga. Akaufungua mnyororo.

Ndani akamsikia mumewe akivaa viatu haraka haraka, huku akipiga mluzi.

Mkawasi akamkumbatia mbwa, akamwomba radhi, kisha akamfunga tena. Mluzi ukakatika mlangoni.