Jino la Mume na Jino la Mke

Siku hizi, meno ya kupandikiza ya mume na mke yakitunga usaha, kliniki huyasafisha kwa njia mbili tofauti ili kuzilinganisha. Fizi itakayochelewa kupona, jino lake hung'olewa. Mume wangu Zakayo alisafishwa kwa mwanga mkali, mimi kwa unga unaopulizwa. Jino langu ni la mbele, na mimi ni mwanakwaya.

Tangu hapo Zakayo amekuwa mpole ajabu. Kila jioni ananiletea kashata.

“Kula, Mama Tumsifu.”

“Na wewe je?”

“Mimi nimefunga. Naliombea jino lako.”

Nilimshukuru Mungu kwa mume wa namna hiyo, nikaendelea kutafuna. Jana nesi akaniambia kwamba fizi ya Zakayo inapona haraka kwa sababu haigusi sukari kabisa.

Leo nimemsogezea sahani yake ya kashata.

“Baba Tumsifu, na mimi nimefunga. Naliombea lako.”

“Basi tuombe,” akasema.

Tulishikana mikono, tukafumba macho. Katikati ya sala nilifumbua jicho moja niichungulie fizi yake. Naye alikuwa amefumbua moja, ananitazama mdomoni.