Mgongoni kwa Minza

"Unaweza kumwachia mfugaji mwanao?" mwanafunzi wa chuo alituuliza mmoja mmoja, sisi wanawake wa Nandagala tuliokuwa tukibangua korosho.

"Wale? Ng'ombe wao wamemaliza ufuta wangu!" alijibu mama mkwe. Wenzangu wakacheka, nao wakasema hapana.

Nyuma yangu alisimama Minza, mke wa mfugaji, amembeba mwanangu mgongoni. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya maganda ya korosho, yanayobabua ngozi ya mtoto.

"Na wewe, dada?"

Kabla sijajibu, Minza akaanza kufungua fundo la kanga.

Mama mkwe akanikazia macho.

"Usimshushe, mwenzangu," nilimwambia Minza. "Ndiyo kwanza kalala."